Canter 4D33 imetoboa pistoni moja: nibadilishe moja, seti nzima, au nitafute injini ya mtumba?

MzigoWaIlula
Wakuu habari za jioni. Nina Canter yenye injini ya 4D33, nashusha nyanya kutoka Ilula kwenda Dar, kurudi napakia saruji. Wiki iliyopita napandisha mlima Kitonga ikaanza kugonga, nguvu zikaisha, oili ikaruka kwenye kijiti cha kupimia hadi ikachafua bloku yote. Fundi kafumua, pistoni namba 3 ina tundu kichwani, kidole changu cha mwisho kinapita. Tatu zilizobaki hazina mikwaruzo, ubavuni bado unaona mistari ya kiwandani.

Nina milioni moja na laki mbili, hakuna nyingine nyuma yake. Fundi anasema nunua pistoni moja tukamilishe kazi. Shemeji anasema seti nzima na slivu zake (mirija ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka). Jirani ana mtu anauza injini ya mtumba. Nishaurini.

FundiWaGerezani
Mkuu, umepima silinda au mmeangalia kwa macho? Pistoni nzuri kwa macho haisemi kitu. Silinda inaliwa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na inakuwa yai. Kila moja ipimwe juu, katikati na chini, kwa kufuata urefu wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kwa kuikata. 4D33 mpya inaanza na kipenyo cha milimita 108.

Kama hakuna kipimo cha ndani, chukua ringi mpya, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pitisha fila (vibati vyembamba vya kupimia) kwenye mwanya wa ncha zake. Mpya kwa mpya tunategemea kama milimita 0.3 hadi 0.5. Silinda ikitanuka robo milimita tu, mwanya unaongezeka karibu 0.8. Hapo hata ukifunga ringi za dhahabu, itapumua, yaani gesi ya mwako itapita chini kwenye oili.

Pistoni moja inawezekana. Ila iwe ya aina ileile, na uzito ulingane na wenzake.

BibiTipa
Kaka, mimi niliifuata hiyo njia ya moja kwenye tipa langu la kokoto. Pistoni moja, ringi za zamani kwenye zile tatu, gasketi, twende. Miezi mitatu ileile namba ikatoboka tena! Kumbe nozeli yake ilikuwa inakojoa badala ya kupuliza ukungu, dizeli inawaka palepale juu ya pistoni kama jiko la gesi. Hakuna aliyenigusia nozeli, na mimi sikuuliza. Mara ya pili nikalipa kila kitu upya, hadi konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki.

Kwa hiyo kabla hujaongea bei ya pistoni, peleka nozeli zote nne kwa fundi pampu. Na thamostati kama waliitoa, irudishe. Sijui nani alitufundisha kwamba gari bila thamostati haichemki.

LeiziMwanza
Naongezea upande wa karakana. Angalia ukingo wa juu wa silinda, ukiona mstari wa duara, hiyo ni slivu imepandikizwa. Yenye slivu hatuichongi kwenda ovasaizi (kuitanua ichukue pistoni kubwa zaidi), tunang'oa slivu tunashindilia mpya. Ovasaizi ni habari ya bloku isiyo na slivu, mfano injini ya 3L ya Hilux, na ukichonga huko unachonga zote nne, hivyo seti nzima haikwepeki.

Raha ya slivu ni kwamba unaweza kubadilisha moja. Lakini msituletee bloku bila pistoni. Kuna slivu zinakuja hazijamaliziwa ndani, na nafasi tunaipima kwa pistoni utakayofunga, si kwa maandishi ya boksi. Zile tatu nyingine zipigwe honi (jiwe la kukwaruza ukuta wa silinda) kidogo, maana ringi mpya kwenye silinda inayong'aa kama kioo haikai, utakula oili mpaka uchoke. Baada ya honi osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua, futa na kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Petroli peke yake inaacha unga wa jiwe kwenye vinyweleo.

DizeliPwani
Salamu kutoka Mombasa. Injini ya mtumba mimi sikatai, ila kwa bajeti hiyo unanunua usichokijua. Hujui ilichemka mara ngapi, na ukiifungua ukakuta ringi zimekwisha umerudi hapo hapo bila pesa.

Jambo lingine: dukani usiseme "pistoni ya Canter". 4D32 na 4D34 zote kipenyo ni 104, lakini 4D32 mkono wake (mwendo wa pistoni juu na chini) ni 105 na 4D34 ni 115. Zinaingia vizuri kabisa kwenye silinda, balaa utaliona ukizungusha kranki. Nenda na ya zamani mkononi, linganisha urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwani, na bakuli la juu, lile shimo lililochongwa kichwani.

FundiWaGerezani
Hapo kwenye bakuli umenena. Na alama ya mbele kwenye kichwa cha pistoni izingatiwe, nimeshafumua kazi ya mtu iliyofungwa kinyume.

MzigoWaIlula
Wakuu, mrejesho. Mstari wa slivu upo. Silinda 1, 2 na 4 hazijafika 108.10 popote, namba 3 imechanika. Nozeli mbili zinakojoa, ya silinda namba 3 ni mojawapo. Rejeta nayo imeziba nusu, tumeipeleka ikafumuliwe.

Nimechukua slivu moja, pistoni moja ya Izumi, ringi seti nzima, metali (beringi) za konrodi, gasketi, na nozeli mbili. BibiTipa, pesa niliyookoa kwa kutonunua seti nzima ya pistoni ndiyo imenunua nozeli. Ringi mpya kwenye pistoni za zamani hazichezi mferejini, fundi kazikagua moja moja.

Uzito tumepima kwenye mzani wa keki wa mke wangu. Mpya ilizidi gramu sita, fundi kapunguza kwa ndani chini ya pini, imebaki moja. Mzani sasa unanuka dizeli na nimeambiwa ninunue mwingine kabla ya Jumamosi.