Naomba ushauri: mhusika mmoja, sauti mbili

Habari zenu wakuu. Tunatengeneza katuni fupi ya Kiswahili na nimekwama kwa mhusika mkuu, sungura mtoto. Kijana anayemwigizia sauti anaongea vizuri mno, ana utundu ule ule ninaoutaka, ila akianza kuimba anakwenda kombo. Ninaye binti anayeimba vizuri, lakini sauti yake ni nyembamba zaidi.

Najua wakubwa wameshafanya hivi. Kwenye The Lion King ya 1994, Simba mtoto anaongea kwa sauti ya Jonathan Taylor Thomas na kuimba kwa sauti ya Jason Weaver. Akikua, anayeongea ni Matthew Broderick na anayeimba ni Joseph Williams. Nimeitazama tangu utotoni na masikio yangu hayakuwahi kushtuka!

Nimejaribu kushusha sauti ya binti kwenye programu ya kurekodia, ikawa ya kimashine, hasa kwenye "s". Kijana naye nilimwambia ayaseme tu maneno ya wimbo juu ya mdundo, wimbo ukapoa. Kumbadilisha sitaki, maana midomo ya sungura imeshachorwa kufuata maneno yake.

Sasa naomba kujua: mnaunganishaje pale maongezi yanapoishia na wimbo kuanza ili msikilizaji asigundue? Na je, binti arekodi huku akimsikiliza kijana kwenye hedifoni ili amuige, au nitafute tu mvulana anayeimba? Studio yenyewe ni chumba changu, magodoro ukutani.