Naombeni ushauri: vitu havienei kwenye kayaki, nipunguze nini?

Kafi Mpya:
Wakuu habari za jioni. Nina safari ya kayaki baharini, usiku nne kisiwani. Nimepanga na kupangua tangu juzi, vitu havienei. Nina hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria mbili, nguo, chakula, maji, kiti cha kukunja, boksi la huduma ya kwanza, taa ya kichwani, pampu ya mkono ya kutolea maji na kafi la akiba. Kila nikifunga mfuniko wa nyuma kuna kitu kimebaki chini kinanitazama. Nimeshaanza kuona nitoe pampu na kafi la akiba, maana hivyo ni vya dharura tu na vyenyewe virefu. Wenye uzoefu, mnaonaje? Safari ni wiki ijayo.

Sina Haraka:
Toa kiti. Mods fungeni uzi.

Dada Dira:
Nguo ndiyo mnapokosea nyie wanaume. Seti ya majini na seti ya nchi kavu, basi. Ya nchi kavu haivaliwi kwenye kayaki hata kama ile nyingine imelowa na inanuka. Tisheti za pamba acha nyumbani. Pamba ikilowa haikauki upesi, ukipigwa na upepo utatetemeka jua likiwa linawaka. Mimi safari yangu ya kwanza nilibeba nguo kama naenda harusini, nikarudi na suruali tatu sijazikunjua.

Nahodha Mstaafu:
Kijana, kafi la akiba halikai ndani. Linakaa juu ya sitaha, vipande viwili, limebanwa na kamba za mpira mahali mkono wako unapofika ukiwa umekaa. Pampu vilevile. Kwa hiyo ukivitoa hujapata hata inchi moja ya nafasi. Halafu kwenye orodha yako sijaona jaketi okozi wala sketi. Na maji umeyataja kama mtu anayetaja chumvi. Ni lita ngapi?

Kafi Mpya:
Asante mzee. Jaketi ninalo, sikulitaja kwa sababu nitalivaa. Maji ni lita 40. Samahani, sketi ndiyo nini?

Sina Haraka:
Lita 40? Unaenda kuoga au kupiga kafi?

Mzee wa Bamvua:
Mmenikumbusha mbali. Mimi nilinunua mfuko mmoja mkubwa wa lita 60 usiopitisha maji, nikajiona mjanja. Kufika ufukweni, haupiti kwenye tundu lolote la kayaki. Nikaufunga juu ya sitaha nyuma yangu. Upepo ulipokuja wa ubavuni, ule mfuko ukawa tanga, omo, yaani ncha ya mbele, ikawa inageukia upepo kila dakika. Nilipiga kafi upande mmoja mpaka bega likafa ganzi. Tangu siku ile natumia mifuko midogo tu, ya lita 5, 10, mwisho 15. Mingi midogo hujipenyeza kila kona. Hema nalitoa kwenye begi lake, vyuma vinakwenda peke yake pembeni, turubai peke yake.

Nahodha Mstaafu:
Kafi Mpya, sketi ni kile kitambaa kinachokuziba kiunoni ili wimbi lisiingie ulipokaa. Tuendelee. Lita 4 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupikia, ndiyo hesabu yangu. Siku tano ni lita 20. Wewe unazo 40, yaani kilo 40. Hayo ni ya watu wawili. Mwenzako ni nani, na kwa nini maji yake yamo kwako?

Kafi Mpya:
Kweli mzee, tuko wawili. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Sikumtaja kwa sababu swali lilikuwa la vitu. Kayaki yake ni fupi, kama mita 3, pana, imetulia sana majini. Ila haina vile vyumba vya kuzibwa, ni wazi kuanzia mbele mpaka nyuma. Ndiyo maana mizigo yote inakuja kwangu.

Dada Dira:
Anajua kuogelea?

Kafi Mpya:
Atakuwa na jaketi.

Dada Dira:
Sijauliza jaketi.

Kafi Mpya:
Si sana. Lakini ni mtu mtulivu, hana papara. Na kuvuka kwenyewe ni kilomita 9 tu, kisha ni ufukwe mtupu. Tumeshajipanga, ruhusa za kazini zimeshatoka. Hapa nilikuwa naomba tu namna ya kupanga mizigo.

Sina Haraka:
"Kilomita 9 tu." Hiyo "tu" ndiyo ingebaki nyumbani pamoja na kiti.

Nahodha Mstaafu:
Utulivu wa kayaki ile ni wa maji yaliyolala. Ikijaa haina ukuta wa kuzuia maji, inakuwa beseni. Pampu unayotaka kuitoa utapiga mpaka jua lizame, kila wimbi linarudisha ulichotoa. Na upo, kile chombo cha kukumbia maji, hausaidii kitu kama mdomo wa chombo umelala sawa na maji. Wewe mwenyewe umeshawahi kupinduka makusudi ukarudi ndani bila kugusa chini?

Kafi Mpya:
Nimeangalia video nyingi.

Mama Wawili:
Mimi kayaki siijui, nilipita tu. Mkeo anajua unamvusha mdogo wake kilomita 9 na hajui kuogelea?

Kafi Mpya:
Anajua tunakwenda kupiga kambi ufukweni. Si uongo, ufukwe upo.

Mama Wawili:
Ndoa zinavunjika kwa vitu vidogo kuliko hivyo baba.

Jicho Kavu:
Wakuu mnajichosha, hii ni chai. Angalieni vizuri. Mtu ana kayaki ya baharini yenye vyumba na mifuniko, hajui sketi ni nini? Kwanza alikuwa peke yake, kapigwa swali moja kazaliwa shemeji. Ukimuuliza tena atakuja na mama mkwe ndani ya mtumbwi. Huyu kakaa kitandani anatupima akili.

Sina Haraka:
Sasa umesema. Hata mimi hizo lita 40 zilinipa shaka. Leta picha mkuu.

Kafi Mpya:
Picha siweki, kayaki si yangu. Nimeazima kwa mtu wa kazini, sketi hakunipa, labda kasahau. Kama natunga mniambie haya nimeyatoa wapi: leo asubuhi nimeipakia uani. Nimeanza na mfuko wa kulalia, nikausukuma mpaka mwisho kabisa kwenye omo. Ukaenda. Kuutoa sasa! Mkono wote mpaka begani uko ndani, shavu limebanwa kwenye sitaha, ncha za vidole zinagusa kitambaa hazikishiki. Nimeuvuta kwa mpini wa mwavuli. Sufuria kubwa nayo imekataa tundu la mbele kwa sababu ya mkono wake, nikailazimisha, nusu saa imekwama pale shemeji anacheka.

Mzee wa Bamvua:
Jicho Kavu, huo mwavuli hautungwi. Kijana, mfuko wa kwanza kuingia uufunge kikamba kirefu, mwisho wa kikamba ubaki mdomoni mwa tundu. Unavuta tu. Sufuria beba moja, isiyo na mkono, na jiko likae ndani yake.

Jicho Kavu:
Mwavuli hata mimi naweza kuutunga.

Nahodha Mstaafu:
Chai au si chai, wiki ijayo mwingine atasoma hapa, kwa hiyo naandika. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma, omo ni mbele, ngama ni chini katikati ya chombo. Uzito nao urudi huko. Maji usiyaweke kwenye dumu moja. Gawa kwenye vyombo vidogo, vilale chini kabisa katikati, karibu na mgongo wako, mbele na nyuma ya ulipokaa. Hiyo ni farumi yako, uzito wa kukutuliza majini. Vyepesi ndivyo viende kwenye ncha. Uzito ukijaa mbele, kayaki inachimba mawimbi. Ukijaa nyuma, upepo unaichezea omo. Ukimaliza, jumlisha kila kitu pamoja na kilo zako, ulinganishe na uzito wa juu alioandika mtengenezaji.

Kuhusu shemeji: mifuko ya kulalia na nguo zenu vikae kwake, si kwako. Usikamue hewa, jaza mifuko ipumue, ibane omo na tezi na uifunge isielee. Kayaki yake ikijaa maji, mifuko inashika nafasi ambayo maji yangeshika. Umepata nafasi, naye kapata kitu cha kumwelesha. Lakini hata hivyo kilomita 9 za wazi hapana. Fuateni ufukwe, mtu aweze kutoka majini wakati wowote.

Dada Dira:
Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, je? Chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada. Ila ukiwa umekaa usawa wa maji haifiki mbali, kwa hiyo aliyebaki nchi kavu lazima awe na njia yenu na saa ya kuanza kuwatafuta. Aliyebaki nchi kavu ni mkeo.

Kafi Mpya:
Nimeelewa wakuu. Kesho tunashuka maji ya kiunoni, tupinduke wote wawili tuone. Kuhusu kuvuka bado tunazungumza, kwa sababu shemeji kasoma uzi wote na amekasirika. Anasema kuogelea anajua, isipokuwa kwenye kina.

Mama Wawili:
Na dada yake kausoma?

Kafi Mpya:
Anausoma sasa hivi.

Sina Haraka:
Pole. Na kiti?

Kafi Mpya:
Kiti kimebaki.

Sina Haraka:
Kimebaki wapi?