Naomba ushauri: mama hataki kuhama kando ya Mto Mirongo

Habari zenu wakuu. Mama yangu anaishi Mabatini, jijini Mwanza, hatua chache tu kutoka Mto Mirongo. Juzi usiku mvua ilikuja na upepo mkali kutoka ziwani, mabati matatu yakang'oka, maji yakafika hadi kitandani. Alisimama juu ya meza, mjukuu mgongoni, mpaka alfajiri. Sauti yake kwenye simu bado inanitetemesha.

Fundi anashauri ukuta wa mawe upande wa mto. Lakini Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, nasi tumo ndani kabisa. Mama kagoma kuhama. Nyumba aliijenga marehemu baba.

Mliokaa bondeni, ukuta ulisaidia au maji yalizunguka tu? Na wazee wenu mliwashawishije?