Mjadala: Ukishafunga sola Lamu, utoe mita kabisa au ubaki nayo?

Mwana wa Mkomani

Assalaam alaykum jamaa. Swali hili kila masika larudi, basi safari hii tulijadili kwa hesabu. Msimamo wangu: nyumba ya kawaida mjini Lamu yaweza kujitegemea kwa sola, na mita itolewe.

Sisi tuko mwisho wa laini ya kilovolti 220 itokayo Rabai ikapita Malindi na Garsen. Kosa likitokea popote njiani, giza ni letu. Tena pwani kuna chumvi: wakati wa ukavu hujikusanya kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyotenga waya na nguzo, manyunyu ya kwanza yakishuka umeme unaruka juu ya kikombe na laini inajikata. Hilo halina dawa ya kulalamika.

Matumizi kwa siku: taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. Feni 2 za wati 60 kwa saa 9 ni 1,080. Friji ya kawaida kwa joto letu, 1,200. Televisheni 250, rauta 240, simu 50. Pampu ya wati 750 ikipandisha maji dakika 20, ongeza 250. Jumla ni 3,280, yaani yuniti 3.3. Hapo pana haja gani ya tokeni?

Fundi wa Langoni

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, hujaihesabu inveta yenyewe, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba. Inveta ya kilowati 3 ikiwa imewaka bila kazi yoyote hula wati 30 hadi 50. Kwa saa 24 hiyo ni karibu yuniti nzima. Kisha kugeuza huko kunapoteza kama asilimia 10. Yuniti zako 3.3 sasa ni 4.6.

Na jua usilihesabu la kaskazi. Nyumba isiyo na mita hupimwa kwa Mei na Juni. Weka saa 4 za jua kamili kwa siku ndiyo upate usalama. Paneli nayo haitoi kilichoandikwa mgongoni: ikifika nyuzi 60 za joto, na mchana hufika, inapoteza zaidi ya asilimia 10, ongeza vumbi, chumvi na waya. Chukua asilimia 75. Yuniti 4.6 gawa kwa 4, gawa tena kwa 0.75, unapata kilowati 1.53.

Hapo wengi hununua paneli 3 za wati 550 na kuzifunga mfululizo. Tazameni volti. Paneli ya aina hiyo ikiwa haina mzigo hutoa karibu volti 50. Tatu ni 150, na kidhibiti chaji kinachouzwa sana mwisho wake ni volti 150 hizo hizo. Asubuhi paneli ikiwa bado ina ubaridi wa usiku, volti zaweza kupanda kuliko ilivyoandikwa. Kidhibiti kinakufa siku ya mawingu yaliyofunguka ghafla, na mwenye nyumba anasema ni radi. Moja moja sambamba nazo hazifai, kwani ikifanya kazi paneli moja hutoa volti 41 na betri ya volti 51.2 haichajiki nazo. Nunua 4, funga mbili mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba. Unapata volti 100, kidhibiti cha ampea 60 kinabeba vizuri, na Juni inakuwa na akiba.

Bi Shela

Fundi, hesabu yako naikubali, lakini yanipa hoja mimi. Mita ya tokeni ya nyumbani haina ada ya kila mwezi. Usiponunua tokeni hulipi kitu. Na mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi huingia bei ya chini kabisa, ile ya wenye matumizi madogo. Nyumba yenye sola itakayochukua stima siku chache za masika tu haifikii 30. Kwa hiyo unayetaka kutoa mita unatupa yuniti za bei nafuu kuliko zote, halafu ununue betri ya pili kuziba pengo hilo hilo.

Maana pengo lenyewe ni dogo. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100, volti 51.2, ni yuniti 5.1, inavusha usiku na kubaki. Mwenye mita hiyo yamtosha. Asiye na mita lazima ajiandae kwa siku mbili za mawingu mfululizo, hivyo betri mbili na paneli 6. Sehemu kubwa ya gharama ya kujitegemea inakwenda kwenye siku zisizofika ishirini za mwaka. Siku zilizobaki betri ya pili inakaa imejaa, inazeeka.

Mwana wa Mkomani

Bi mkubwa, hoja ya yuniti 30 ni nzito, sina la kuikwepa. Ila stima ikija vibaya? Volti zikishuka 180 kisha zikaruka 260, friji inakwenda.

Fundi wa Langoni

Inveta ya aina ya haibridi, inayotumia sola, betri na stima pamoja, hupangwa. Weka betri kwanza, stima ichukuliwe betri ikishuka hadi asilimia 20 na iachwe ikifika 50. Mipaka ya volti inayopokea iwe finyu, 200 hadi 250. Nje ya hapo inaikataa. Wengi wanaiacha ilivyotoka dukani, mpangilio mpana unaopokea hata volti 90, ndipo friji zinaungua na sola inalaumiwa.

Mdau wa Malindi

Huku kwetu kuna mtambo wa jua wa megawati 40 kule Langobaya, na bado nyumba za Malindi zinakatikiwa. Watu wauliza, mbona? Mtambo ule hulisha gridi, na gridi ikizimika nao hujizima. Vivyo hivyo inveta ya nyumbani isiyo na betri, iliyotengenezwa kufuata gridi: jua la saa sita limewaka na nyumba ni giza. Anayebaki na mita asiuziwe hiyo akidhani amejiokoa.

Kuhusu kuirudishia kampuni ya stima umeme unaozidi: kanuni za 2024 zampa mwenye paneli nusu ya yuniti alizotoa, kama punguzo la bili. Kwa nyumba ya paneli 4 hilo halibadilishi kitu. Afadhali pampu na pasi zifanye kazi saa nne hadi saa tisa, umeme uliwe pale pale.

Bi Shela

Na paneli ziwekwe wapi? Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001, mtu hawezi kujijengea minara ya vyuma darini bila kuwauliza wa Makumbusho ya Taifa. Wala makuti hayabebi paneli, na kiungo cha waya kikipata moto juu ya makuti mtaa mzima umo hatarini. Zikae kwenye sakafu ya juu, chini ya ukingo wa ukuta, zisionekane toka baharini.

Fundi wa Langoni

Sawa, lakini ukingo huo unaleta kivuli, na kivuli cha ukuta kikifunika safu moja ya chini kinaondoa theluthi au nusu ya paneli. Ziinue sentimita 40 kutoka sakafuni, zielekee kaskazini, mwinamo nyuzi 10. Kwa jua letu hata zikilala hazipotezi mengi. Mwinamo ni wa kuteremsha maji na chumvi. Zioshe kwa maji ya kunywa alfajiri. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando mweupe pembeni, huko ndiko kutu huanzia.

Bolti ziwe chuma cha pua cha daraja la 316. Bolti ya kawaida ikigusa fremu ya alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa kuzunguka tundu, na upepo wa kusi unamalizia. Viungio vya waya viwe vya kampuni moja pande zote mbili: vya kampuni tofauti huingiana, lakini havishikani sawasawa, hupata joto mpaka plastiki inayeyuka. Breka iwe ya umeme wa betri, ya DC. Ile ya nyumba ikikata umeme wa paneli cheche haizimiki ndani yake.

Betri iwekwe chumba cha chini chenye kuta nene za matumbawe. Za asidi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri kwa nusu. Chini ya mabati hazidumu.

Mwana wa Mkomani

Basi narekebisha msimamo: aliye mbali na nguzo, shamba au kisiwani Manda, ajitegemee kwa betri mbili. Wa mjini naye, mbona asitoe mita akiwa na uwezo? Uhuru nao una thamani yake.

Bi Shela

Una thamani, lakini ukitaka kurudi ni maombi upya na ukaguzi upya. Mita haikuli kitu ukutani.

Fundi wa Langoni

Anayetoa ajue jambo moja. Nyutro ya stima, waya wa kurudishia umeme, imeunganishwa na ardhi kule transfoma. Waya wa kampuni ukiondoka, muungano huo umeondoka nao, na swichi ya RCD, ile inayokata umeme mtu akipigwa nao, haitafanya kazi. Usidanganyike na kitufe chake cha kujaribu. Kile kitakata hata kama ardhi haipo. Nyutro ya inveta iunganishwe na ardhi mahali pamoja tu, kabla ya RCD, na fimbo ya shaba ishuke mpaka mchanga wenye unyevu, si kwenye jiwe kavu la matumbawe. Ipimwe kwa kipimo, na fundi awe na leseni ya daraja la T3 ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi nchini Kenya. T1 na T2 ni za mifumo midogo kuliko huu.