Kozi za juu za kitaaluma zinajenga ujuzi kweli au zinathibitisha tu ulichonacho?

MtuWaLeja:
Habari zenu wakuu, naomba tulijadili hili maana linanisumbua sana kichwa. Mimi ni mhasibu, niko kazini na nimeshaanza mitihani ya ACCA, kile cheti cha kimataifa cha uhasibu, kwa sababu kila tangazo la nafasi ya juu wanataka uwe nayo au uwe unakaribia kumaliza. Sasa yale niliyoyafanya kazini nafaulu bila hata kuhangaika, na yale ambayo sijawahi kuyagusa nayakariri, nafaulu, halafu baada ya muda yote yanayeyuka. Hapo nimejifunza au nimegongewa muhuri tu? Tuna mama mmoja ofisini hana cheti chochote cha juu, lakini hesabu zikigoma mwisho wa mwezi wote tunakimbilia kwake. Anachukua ile tofauti kati ya pande mbili zisizolingana anaigawa kwa 9, ikigawanyika bila baki anakwambia hapa huenda kuna mtu kageuza tarakimu, kaandika 54 badala ya 45, tafuteni, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mwenye cheti chake kamili yupo hapo hapo anapitia muamala mmoja mmoja. Na huyo mama kupanda cheo hapandi. Naombeni mawazo ya waliopitia hizi kozi, na mseme ukweli.

WayaNaSwichi:
Mkuu kwa upande wetu wa mitandao hii kitu iko wazi kabisa. Mtihani wa kuchagua majibu watu wanaukariri, madesa ya maswali yanazunguka intaneti, mtu anameza siku chache anafaulu. Mpeleke sasa chumba cha seva, kuna mtu kachomeka waya wa ziada kati ya swichi mbili za mtandao, data inazunguka humo humo haina pa kutokea na mtandao mzima umelala, yeye kasimama anaangalia taa zinavyowaka. Ila usizitupe zote. CCIE kwa mfano, cheti cha juu cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ina mtihani wa vitendo wa masaa 8, unaujenga mtandao mwenyewe na kurekebisha ulioharibika, ule huupiti kwa madesa, na maandalizi yake ndiyo shule yenyewe maana inabidi ujenge, uvunje, ujenge tena hadi mkono uzoee. Mimi kabla ya kulipia kozi yoyote nauliza kwanza mtihani wake ukoje, basi.

ChakiNyeupe:
Nafundisha uchumi, na swali lako wachumi wamelibishania miaka mingi. Gary Becker (Nobel 1992) alisema mafunzo ni uwekezaji, yanaongeza uwezo wa mtu kuzalisha ndio maana analipwa zaidi. Mwaka 1973 Michael Spence akaja na hoja kwamba hata kama masomo hayamwongezei mtu chochote, mwajiri bado atayalipia, kwa sababu hawezi kuona uwezo wa mtu asiyemjua, na kozi ngumu inamgharimu kidogo mwenye uwezo kuliko asiye nao, hivyo kuimaliza tu kunatosha kuwa ishara. Naye akapata Nobel, 2001. Lakini angalia, hoja ya Spence inahusu mtu usiyemjua! Huyo mama wenu wakubwa wanamuona kila mwezi anachofanya. Kumnyima cheo kwa kukosa karatasi ni uamuzi wao wenyewe, uchumi usisingiziwe, na kwa kweli inaniuma.

WodiYaUsiku:
Naomba nipingane kidogo na mleta mada. Mimi ni nesi, nilikaa wodini miaka ndio nikarudi kusomea dawa za usingizi, na ile kozi ilinibadilisha. Ile mashine ya kidoleni inayopima oksijeni inalia kila moyo unapopiga, na oksijeni ikishuka ule mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Wodini nilikuwa naisikia kama kelele tu. Kule thieta mwalimu alikuwa ananisubiri macho yangu yote yako kwenye koo la mgonjwa naingiza mpira wa hewa, ananiuliza "sasa hivi iko ngapi?" na haniruhusu kugeuka kuangalia skrini. Mwanzoni nabahatisha, baadaye sikio likakaa. Uzoefu wangu wote wa wodini haukunipa hiyo, ilitaka mtu mwenye ujuzi asimame pembeni yangu na anisahihishe pale pale. Cheti hakilindi ujuzi, hilo nakubali. Cheti cha CPR, yaani kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa kawaida kinadumu miaka 2, wakati tafiti zinaonyesha ubora wa kukandamiza kifua unaanza kushuka ndani ya miezi 3 hadi 6 usiporudia. Kina ni angalau sentimita 5 kwa mtu mzima, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, kila mtu anazitaja hizo namba, mpe sasa yule mdoli wenye kipimo uone. Marubani wa abiria wanarudishwa kwenye simyuleta kupimwa, kwa kawaida kila miezi 6, sisi wengine tunaachwa hivi hivi kwa nini?

MtuWaLeja:
Dah, WodiYaUsiku umenigusa penyewe. Mimi tangu nianze hakuna aliyewahi kukaa pembeni yangu akanisahihisha, ni mimi na kitabu. ACCA wana sharti la miezi 36 ya uzoefu kazini inayosainiwa na msimamizi, lakini nilipo mimi naona watu wanajaza, bosi anasaini bila kusoma.

KaguaKwanza:
Ndugu yangu, hiyo miezi 36 ndiyo kozi yenyewe, mitihani 13 ni ya kukufungulia mlango tu, na wengi tunafanya kinyume, nguvu zote kwenye mitihani. Usisubiri bosi. Angalia mtihani unaofuata unahusu nini, tuseme ni kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu, nenda kaombe upewe kipande cha kazi hiyo kabla hujaufanya. Wakikataa, omba urari (ile orodha ya salio za akaunti zote) wa mwaka jana wa kila kampuni, uunganishe mwenyewe mwanzo mwisho, kisha linganisha na hesabu zilizosainiwa. Zikipishana usifute, mpelekee aliyezitengeneza akuonyeshe ulipopotea. Watu wengi wakiulizwa hivyo wanafundisha kwa moyo wote, tatizo hakuna anayewauliza.