WAJUKUU WA BIBI 🏠 (Ijumaa usiku)

Da Mwana, 19:04: Assalaam alaykum wote. Kesho saa kumi jioni kwa Bibi tunaanza ile tamthilia ya ER. Flashi ninayo, msimu wa kwanza wote. Mchango elfu tatu kila mtu, za vitafunio. Waliotoa ni mimi na Shemeji Idi. Wengine naona tiki za bluu tu.

Saidi, 19:11: Ile ya George Clooney?

Da Mwana, 19:12: Hiyo hiyo, 1994 mpaka 2009. Hospitali ya umma Chicago, mapokezi yamefurika, wagonjwa kwenye korido, daktari anaiba usingizi kwenye kitanda cha mgonjwa. Utadhani ni hapa kwetu.

Mjomba Faraji, 19:40: Waliiga hospitali ya Cook County ya huko Chicago. Nimepita pale juzi, lile jengo la zamani sasa ni hoteli.

Shemeji Idi, 19:42: Hoteli! Mjomba, ukilala humo si utaitwa usiku kuchomwa sindano 😂

Saidi, 19:43: Chai ya asubuhi inakuja na dripu 😂😂

Da Mwana, 19:47: Jamani mchango.

Zuhura, 20:15: Mimi kesho mnisamehe. Kichwa kinanigonga tangu jana, na miguu imejaa hata ndala haziingii. Nimejilaza.

Da Mwana, 20:16: Mimba ina miezi mingapi sasa?

Da Mwana, 20:16: Zuhura

Da Mwana, 20:19: Macho je? Unaona vimulimuli?

Saidi, 20:22: Haya, Da Mwana keshavaa koti jeupe. Ndala za Zuhura hazikumwingia hata harusini kwake 😂

Zuhura, 20:31: Mwezi wa 8. Vimulimuli kidogo, nikiinuka. Si kawaida tu, nimesimama sana dukani.

Da Mwana, 20:38: Si kawaida, mdogo wangu. Ndani ya hiyo ER kuna sehemu moja ya Machi 1995. Mjamzito kaja na mumewe, shida yake mkojo tu. Dk. Greene, wanayemtegemea wote pale, akasema ni kibofu, akampa dawa, akamruhusu. Amerudi anatetemeka na kifafa cha mimba. Daktari wa wazazi anaitwa, anachelewa mno kufika. Mtoto kapona, mama kafa. Mume amekaa kwenye kiti cha kubembea na kichanga mkononi, Greene ndiyo anaingia kumpa habari. Nimeiangalia mara tatu, na mara zote namwona Salma.

Kaka Hamisi, 20:52: Salma wa nini hapa?

Da Mwana, 20:53: Naye alisema kawaida. Na sisi tukaitikia kawaida. Saa sita usiku ndiyo tunatafuta gari.

Kaka Hamisi, 20:55: Kama ni gari sema gari. Mara ngapi nimesema halikuwa na mafuta.

Da Mwana, 20:55: Ya kwendea harusini asubuhi yake yalikuwepo.

Mamdogo Tatu, 20:58: Basi jamani. Bibi anasomewa humu.

Shemeji Idi, 20:59: Kwani elfu tatu yangu iliingia?

Da Mwana, 21:03: Idi, ngoja. Zuhura, mimba ikipita wiki 20, presha ikifika 140 kwa 90 lazima uonwe, na mkojo upimwe protini. Kwa kichwa hicho na macho hayo usingoje kliniki ya Jumatatu. Kuna sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, lakini mpaka ufike.

Zuhura, 21:09: Nitakaa benchi mpaka alfajiri dada. Mara ile tulilala wawili kitanda kimoja, muuguzi mmoja wodi nzima. Anakimbia mpaka unamwonea huruma kumwita. Na Baba Tariki yuko safari.

Da Mwana, 21:11: Mwite. Ukifika usikae kimya kwenye foleni. Sema kwa sauti: nina mimba, kichwa kinauma, naona vimulimuli.

Saidi, 21:20: Bibi kasema niandike kama anavyotamka. "Salma nilimwosha kwa mikono yangu hii. Zuhura sitamwosha. Aondoke usiku huu huu. Hamisi, mpeleke."

Kaka Hamisi, 21:34: Nimesikia Bibi. Gari liko kwa fundi tangu Jumatano. Natafuta usafiri.

Shemeji Idi, 21:36: Mimi nina pikipiki.

Da Mwana, 21:36: Pikipiki hapana.

Mjomba Faraji, 21:41: Mwana, angalia simu yako, nimetuma kidogo.

Kaka Hamisi, 21:52: Nimepata bajaji ya jirani. Zuhura fungua geti.

Da Mwana, 21:53: Zuhura chukua kadi ya kliniki, khanga, na zile glovu tulizonunua.

Da Mwana, 21:58: Hapokei simu.

Da Mwana, 22:00: Hamisi umefika???

Kaka Hamisi, 22:04: Ninaye. Alikuwa anafunga mlango. Tunaondoka.

Da Mwana, 22:06: Alhamdulillahi. Mkifika tu niambie presha ilisomaje. Asubuhi saa kumi na mbili nakuja na uji. Mchana nani? Mamdogo? Mtoto wa dukani nani anamfungulia?

Mamdogo Tatu, 22:30: Mchana sijui, nitaona.

Rajabu, 23:15: Ndiyo naingia. Kesho filamu bado ipo? Nilete viti?