Muuza vifaa vya elektroniki wa Mwanjelwa amenitukana mbele ya wateja

Ndugu wanajukwaa, sina haja ya kumtaja, kwa sababu kila aliyewahi kutafuta hata rezista moja hapa Mbeya anamfahamu. Leo mchana, duka likiwa limejaa watu, ameniambia nirudi Uyole nikapige picha viazi vyangu kwa macho.

Nililipia kamera ya OV7670 yenye chipu ya kumbukumbu AL422B, nikapewa isiyo nayo. Niliigeuza mbele yake aone mwenyewe: safu mbili za pini tisatisa, na chipu hiyo haipo. Nikamweleza kwa adabu kwamba picha moja ya 320 kwa 240, kila nukta ikichukua baiti 2, inafika baiti 153,600, ilhali Arduino Uno, ule ubao mdogo wa kuendeshea kamera, una RAM (kumbukumbu ya muda) ya baiti 2,048 tu, kwa hiyo picha nzima haina pa kukaa. Jibu lake likawa hilo la viazi. Viazi! Wateja wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika hadi Tunduma. Viazi hivyo ndivyo vilivyonisomesha, na kamera niliitaka ili nifuatilie ukungu kwenye majani shambani kwa mama. Kwa macho, anasema!

Fundi wa Soweto: Pole sana, mkuu. Mimi aliniambia niiunganishe kamera hiyohiyo moja kwa moja kwenye volti 5, wakati inataka 3.3, na ilipoungua akasema umeme wa kwetu una laana.

Mnyalukolo: Mtoa mada, mtu mzima unalilia viazi? Hata hiyo isiyo na chipu inafanya kazi na Uno: unapunguza kasi ya saa ya pikseli, yaani mapigo yanayotoa nukta za picha moja moja, unasoma mstari mmoja mmoja na kuutuma kwenye kompyuta papo hapo. Huo ni uvivu.

Mtoa mada: Shambani hakuna kompyuta, ndugu yangu. Na nasema tena, amenitajia viazi mbele za watu!

Dada wa Makambako: Afadhali wewe uliyetukanwa ana kwa ana. Mimi niliagiza kutoka Dar es Salaam, mzigo ukaja kwa basi, nikaufungua na kukuta lenzi imeng'oka, kisha wakala akanidai fedha ya kuulaza ofisini kwake.

Fundi wa Soweto: Wakala yupi, yule wa pale stendi? Rezista zangu zilikaa kwake hadi zikashika kutu. Hebu tusimulie vizuri, dada.